Pumzi Mbili Kwenye Laini

3 Februari

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, wasiwasi ni kwako na hiyo baridi yenu. Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Nikivua hedifoni nimeshaongea na watu mia na kitu, koo limekauka kiasi kwamba jirani akinisalimia namjibu kwa mkono. Halafu simu yenyewe ina ile programu ya kazini. Siwezi kuongea na dada yangu huku kuna mtu anahesabu nimesema "samahani" mara ngapi.

Kazi naipenda, nisiseme uongo. Uliponitafutia nafasi hii nilidhani ni kuuza vitu kwenye simu, kumbe ni wazee wanaoishi peke yao, kila mmoja na kifaa chake shingoni, na wakibonyeza kitufe ni mimi wanayenikuta. Wengi wanabonyeza kwa bahati mbaya. Bibi mmoja alibonyeza kwa sababu panya amepita. Nikamwambia, "Bibi, dawa ya panya sina, lakini nitakaa hapa na wewe mpaka aondoke." Tulikaa dakika kumi na moja. Nikakatwa alama.

Yuko mmoja namwita Fundi Saa, maana ndiyo kazi aliyoifanya miaka arobaini. Huyo anabonyeza kila siku, kwake saa nane mchana, kwangu saa tisa. Ananiuliza, "Huko kwako saa ngapi?" Nikimtajia, anasema, "Saa yenu inakimbia, mjukuu, ilete niifungue." Basi, anakata. Kwenye kisanduku cha skrini naandika "jaribio", maana ndivyo ninyi walimu wa kampuni mlivyotufundisha: mteja akipima kifaa tu, ni jaribio. Ana binti mmoja, dereva wa lori la masafa marefu. Ndiye aliyemnunulia.

Sasa nina swali, na usinikasirikie. Kuna mwenzangu wa nchi nyingine, tunamwita Kinanda kwa ile sauti yake, tunakutana kwenye mafunzo ya mtandaoni. Anasema huko kwenu, kwa simu hizihizi na maneno yaleyale tunayosomewa sote, mnalipwa vingine kabisa. Ni kweli? Unapata kiasi gani, Dada? Niambie tu, siombi.

Nyumbani pako vilevile. Mlango wa uani bado haufungi mpaka uupige teke.

Mimi wako,
Kitinda

*

21 Februari

Kitinda wangu,

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi, nilishindwa kusubiri nifike mlangoni. Mwenzangu wa chini akanikuta nacheka peke yangu, akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia nimepata panya.

Kazi yangu ya siku hizi unaijua: baada ya kufundisha waajiriwa wapya, wameniweka kitengo cha ubora. Nasikiliza simu zilizorekodiwa na kutoa alama. Simu zako hazijawahi kuniangukia, orodha inachanganya nchi sita. Siku nzima nasikia sauti za watu wasiojua kwamba nawasikia. Nikiwa kwenye foleni dukani, mtu akisema neno nyuma yangu, nageuka, nikidhani namfahamu. Kumbe simjui. Sauti yake tu imefanana na ya mtu aliyekuwa analia Jumanne.

Kuhusu mshahara, mdogo wangu, hayo yanapangwa juu. Wanaangalia hali ya maisha ya kila mahali. Huku kodi ya chumba kimoja inanimezea nusu ya ninachopata. Wewe angalau unalala kwenye nyumba ya Baba, hakuna mtu wa kukugongea mlango mwisho wa mwezi. Maneno ya akina Kinanda yasikuharibie kazi. Tena nimeona kwenye orodha umeanza kuchukua zamu mbili kwa siku. Tamaa hiyo ya nini? Pumzika. Hela haiishi.

Lile doa la dari chumba cha nyuma, tulilosema ni kobe, bado lipo? Juzi nimejaribu kukumbuka kichwa chake kilielekea wapi, nikashindwa, nikakosa raha siku nzima.

Dada yako

*

30 Machi

Dada,

Nakuandikia kwa kifupi. Fundi Saa amefariki. Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na nne. Binti yake alimkuta siku mbili baadaye aliporudi safari, amekaa chini jikoni, mgongo kwenye kabati. Kampuni imemjibu binti kwamba baba yake hakubonyeza. Ndivyo ilivyo kwenye kumbukumbu. Wazee husahau.

Kifaa chake hakuna aliyekizima. Kila mchana kinajipima chenyewe na ujumbe unanitokea kwenye skrini: *Betri iko chini.* Na picha yake, amevaa miwani ya kazi. Wiki mbili betri ilikuwa inashuka, nikawa naomba imalizike tu. Jumatano ikasoma imejaa. Nyumba ile haina mtu. Nani amekijaza?

Kobe yupo. Kichwa kimeelekea dirishani.

Mimi mzima.

Kitinda

*

12 Aprili

Kitinda,

Usinisome kama mtu wa ubora. Nisome kama dada yako, na ukimaliza choma barua hii.

Jumatatu waliniletea simu za kusikiliza kutoka kwenye fungu la majaribio. Huwa hazina kitu, sekunde kumi na tano, nazitolea alama naendelea. Moja ilikuwa ya tarehe kumi na nne Machi na ilikuwa na dakika sita. Kabla yake kulikuwa na mbili fupi, za mtu huyohuyo.

Nikasikia mtu anahema, pumzi za juujuu kama aliyepanda ngazi nyingi. Akasema neno moja tu, "Mjukuu." Kimya. Akasema tena. Halafu nikasikia pumzi ya pili, ndefu, tulivu, inayokwama kidogo kooni kabla ya kutoka. Nikaongeza sauti. Nikavua hedifoni, nikaiweka mezani kana kwamba imeniunguza.

Pumzi hiyo nimelala nayo kitanda kimoja miaka kumi na miwili. Hata mtu akinifunga macho naijua.

Mpaka dakika ya nne zipo mbili. Kuanzia dakika ya nne iko moja, na ni yako.

Sijatoa alama. Sijaripoti. Leo ni siku ya tano naikalia. Mwenzangu wa meza ya pili ana mafua, kila akivuta pumzi nageuka. Nikiosha vyombo nafunga bomba kwanza, nisikilize kama kuna mtu.

Nieleze, mdogo wangu. Saa kumi na sita kwa siku za nini? Hela inakwenda wapi? Kodi hulipi. Una mtu anayekula hela zako? Unaumwa na hutaki kusema? Una deni? Usinidanganye. Mimi nimeshasikia kibaya kuliko chochote utakachoniambia.

Dada

*

28 Aprili

Dada,

Barua sijaichoma. Nimeiweka chini ya godoro, na nikikaa kitandani naihisi.

Nianze na nyumba. Nyumba haipo. Haipo tangu mwaka wa nne baada ya wewe kuondoka. Ile nauli yako na ada ya mwaka wa kwanza, Mama alikwambia zimetoka kwenye chama chao cha akina mama. Hazikutoka huko. Aliweka hati ya nyumba kwa mkopeshaji, kurudisha kukamshinda, wakaja na karatasi zao. Tulitoka na vitanda viwili na cherehani. Mama akanishika mkono hapa juu ya kiwiko, akanibana, akasema, "Dada yako asijue. Akijua atarudi, na akirudi tutakuwa tumeuza nyumba bure." Nilikuwa na miaka kumi na sita. Siku ya msiba wake mwenyewe, ulipouliza kwenye simu watu wamekaa wapi, nilikwambia uani, kwenye kivuli cha ukuta. Walikaa barabarani, Dada, kwenye viti vya kukodi, mbele ya chumba cha kupanga.

Miaka yote hii nimekuwa nakujengea nyumba kwa maneno. Mlango wa uani, kobe wa darini. Walioinunua waliivunja, leo ni duka la mabati na misumari. Kuna siku nimepita pale na kikapu changu nikasimama, nikawa nautafuta ule mlango, maana wiki hiyo nilikuwa nimekuelezea vizuri mno hata mwenyewe nikauamini.

Chumba changu cha sasa kodi yake inakula zaidi ya nusu ya mshahara. Umeme wangu, intaneti yangu, kiti changu. Hedifoni ilipokufa nilinunua nyingine kwa hela yangu. Kinachobaki kinanifikisha tarehe kumi na mbili. Siku zilizobaki ndizo hizo zamu za pili. Wewe uliita tamaa. Sikukujibu kwa sababu kukujibu kungeibomoa nyumba.

Sasa siku ile.

Niliingia kazini saa kumi na moja alfajiri, na ilikuwa siku ya tisa bila kupumzika. Saa tisa nilikuwa namsubiri, nimejiambia nikimalizana na Fundi Saa nikanawe uso. Laini zetu zinajifungua zenyewe, unajua, hazingoji mtu abonyeze. Mlio niliusikia. Naapa niliusikia. Na nikajibu. Aliniuliza kwako saa ngapi, nikamwambia, akacheka, akasema ilete niifungue. Nilimwona hata meza yake ya kazi, na mimi sijawahi kuiona.

Nilipoinua uso, kulikuwa na alama za vitufe vya kompyuta shavuni, na saa ilikuwa tisa na nusu. Kwenye skrini mistari mitatu, yote ya kwake, na kisanduku kinasubiri kujazwa. Nikaandika jaribio. Mara tatu. Sikumpigia kumhakiki, maana nilikuwa nimeshaongea naye. Mpaka leo kuna saa naamini niliongea naye, na kwamba hayo mengine ndiyo ndoto.

Kutoka hospitali mpaka kwake ni dakika tisa kwa gari. Nimeangalia kwenye ramani. Nimeangalia zaidi ya mara moja.

Ripoti, Dada, au usiripoti. Kushika peke yangu nimechoka.

Kitinda

*

15 Mei

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako nikalia mpaka kichwa kikagonga, kwanza kwa Mama, halafu kwa nyumba, halafu kwa kitu kingine ambacho sasa lazima nikwambie. Ukishajua, ni juu yako kama bado una dada.

Miaka miwili iliyopita, kabla kampuni haijaanza kuajiri huko kwetu, bosi aliniita. Akaniambia, "Wewe ndiye mwenyeji wa kule. Tuandikie ukurasa mmoja, mtu anahitaji nini kwa mwezi ili aishi vizuri." Niliuandika saa ya chakula, dakika ishirini, mkono mmoja umeshika mkate. Nilikuwa sijakanyaga huko miaka kumi na sita. Bei nilizitoa kichwani, za wakati ule, nikaongeza kidogo kwa kukisia. Chakula, nauli, umeme. Penye kodi ya nyumba niliandika sifuri. Pembeni nikaeleza: *Wengi huishi kwenye nyumba za familia.*

Sikuwa na nia mbaya. Lakini nikijikagua vizuri kuna kitu, na hiki sijawahi kumwambia mtu. Wenzangu hapa walikuwa wakisikia nilikotoka wananiangalia kwa huruma. Nilichoka na ile huruma. Nilitaka karatasi ile iseme kwetu watu wanaishi, hawaombi, wana nyumba zao. Bosi alinisifu. Wiki tatu baadaye nikapewa ualimu. Na jumla niliyoiandika chini, bila kuongeza hata senti, ndiyo wameifanya mshahara wenu.

Ulitaka kujua napata kiasi gani. Unachopata wewe kwa mwezi, mimi nakipata kwa siku sita.

Kwa hiyo usibebe peke yako. Wewe ulilala. Mimi ndiye niliyekukeshesha siku tisa kwa dakika ishirini zangu na mkate.

Nilichofanya ni hiki. Ile karatasi nimeituma kwa kila mtu aliyemo kwenye orodha ya mafunzo, nchi zote sita. Juu yake nimeandika: *Hii niliiandika mimi, na si kweli.* Chini nimeandika mshahara wangu. Wataniita wakati wowote kuanzia kesho. Ile simu nimetoa nakala kabla hawajanifungia.

Binti wa Fundi Saa amepiga huku mara saba kuuliza kama baba yake alibonyeza. Nimezisikia zote. Mara sita aliuliza, akajibiwa hapana. Mara ya saba hakuuliza kitu, alikaa tu kwenye laini mpaka ikakatika. Lazima aambiwe. Naweza kumwambia mimi. Lakini nadhani ni wewe.

Dada, kama bado

*

2 Juni

Dada,

Nimekaa wiki mbili sitaki hata kuiona kalamu. Nilikutukana. Nilikutukana kwa sauti, peke yangu chumbani, jirani akagonga ukuta. Mimi nilikudanganya ili usirudi. Wewe ulidanganya watu usiowajua ili usionewe huruma. Nikajaribu kupima lipi zito, nikaona napoteza muda. Sifuri yako ilitoka kwenye nyumba yangu ya maneno. Kama ningekwambia ukweli mara moja tu katika miaka kumi na minne, usingeandika sifuri.

Karatasi yako imefika. Siwezi kukuficha, watu wamekutukana matusi ya nguoni. Halafu wakatulia, wakaanza kuulizana tufanye nini. Mmoja akasema tuzime kompyuta zote. Kinanda akamuuliza, "Na mtu akianguka bafuni, amwite nani?" Unajua kila simu tunatakiwa kuimalizia kwa kumshawishi mzee aongeze hela apate huduma ya dhahabu, na huko ndiko kampuni inakopata faida yake. Kinanda akasema, "Kengele tutajibu zote. Dhahabu hatuuzi." Tumeanza jana. Watu mia mbili na arobaini.

Binti nimempigia kwa simu ya jirani. Nilisikia injini. Nilipojitambulisha akasema, "Ngoja nisimamishe gari." Nikasikia linashuka gia, linasimama, taa za tahadhari zinagonga tik, tik. Akasema, "Haya."

"Baba yako alibonyeza."

Taa ziliendelea kugonga.

"Mara tatu. Waliokwambia hapana walikudanganya, na waliyasoma niliyoandika mimi. Nilikuwa nimelala na hedifoni masikioni. Nikaandika alikuwa anapima kifaa tu."

"Mara tatu," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nimekuwa nikimlaumu mzee wa watu. Nimesimama makaburini nikamuuliza, Baba, kitufe si kilikuwa shingoni?" Kisha akauliza, "Ulikuwa kazini tangu saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Siku ya ngapi?"

"Ya tisa."

Taa zikagonga muda mrefu. "Usinipigie tena," akasema. "Nitakutafuta mimi." Akachukua anwani zetu zote mbili, yangu na yako, akakata.

Wewe ni dada yangu. Usiandike tena "kama bado".

Kitinda

*

20 Juni

Kwa ninyi dada wawili,

Mimi si mtu wa kuandika, nimezoea kujaza vitabu vya mizigo. Nimeandika barua mbili zinazofanana, kila mmoja apate yake.

Ile sauti mkubwa aliyonitumia nimeisikiliza. Niliisikilizia ndani ya lori, nimefunga vioo. Mara moja tu, sitairudia. Baba alimwita mjukuu mara nne. Hana mjukuu. Nimejiuliza kama aliniita na mimi mahali ambapo simu haikushika, nimeona hilo nitakufa nalo.

Kile kifaa ninacho mimi. Nimekuwa nakichaji kila nikirudi safari. Mtanicheka. Nilishindwa kukiacha kizime.

Watu wa kampuni wamenijia na karatasi ya rambirambi, na hela, na sehemu ya kusaini kwamba sitazungumza. Sijasaini. Nimewauliza jambo moja: mimi nikikamatwa nimeendesha zaidi ya saa tisa kwa siku, askari wananishusha, wanachukua funguo, nalala nisilale lori halitoki pale. Kwa nini? Kwa sababu nikisinzia naua mtu. Sasa huyu mliyemfungia baba yangu masikioni, nani alikuwa anamchukulia funguo? Walinijibu sera ya kila nchi ni tofauti. Nikawafungulia mlango.

Siwasamehe. Mdogo, ulilala, hilo najua linavyokuja, nimewahi kuamka gurudumu moja liko kwenye majani. Ila ulipoamka uliandika uongo, na uongo ule umenifanya nimkasirikie maiti miezi miwili. Mkubwa, wewe nakuelewa kidogo zaidi na nakuchukia kidogo zaidi.

Lakini siku mtakapokaa na wakubwa wenu, niiteni. Na mtakapokuwa mnasema, msimwite mteja. Semeni alikuwa fundi saa, alilea binti peke yake, na alibonyeza.

Dereva

*

9 Septemba

Dada yangu,

Najua mengine umeshayasikia, lakini nataka uyapate kwangu.

Dhahabu hatukuuza siku thelathini na nane. Kengele hatukuacha hata moja. Bosi wa eneo alipotokea kwenye skrini alikuwa na tai na uso wa mtu aliyepangiwa maneno. Akaanza, "Kuhusu tukio la mteja—" Dereva, tuliyemwita naye, picha yake kando ya yangu kwenye skrini, amekunja mikono, akasema, "Fundi saa." Bosi akaendelea, "Ndiyo, kuhusu mteja huyo—" "Fundi saa," akasema tena, sauti ileile. Mara ya tatu bosi akasema fundi saa.

Matokeo ni haya. Zamu isizidi saa nane kwa siku, na siku moja ya kupumzika kila wiki, nchi zote. Sifuri imefutwa, kodi imeingia, mshahara wetu umekaribia mara mbili. Bado si sawa na wa huko. Kinanda alilia kwa hasira, akasema tumeuza mapema, na mimi siwezi kusema amekosea. Wamemwandikia Dereva barua ya kukiri kwamba alibonyeza. Ameikunja, ameiweka kwenye kitabu cha mizigo. Mimi nimepewa onyo la mwisho. Wewe wamekufukuza, na kiti chako wakataka kunipa mimi, kwa mshahara wa huku. Nikawaambia kazi ile ina bei yake, na bei yake naijua hadi senti. Hawajanijibu. Naendelea na kengele.

Umesema unafunga mikate kiwandani na miguu inavimba. Umesema pia bado unafunga bomba kusikiliza. Mimi nikianza zamu, kabla laini haijafunguka kuna kasekunde kamoja, na hapo huwa namsikia. Sitaki kukudanganya kwamba yameisha. Kengele ikilia nasimama wima, wazee wanashangaa nawajibu kwa kasi gani.

Ninalotaka kukwambia hasa ni la Jumamosi. Nilikuwa nafua, saa nane hivi, nikasikia breki kubwa mtaani, watoto wakakimbilia nje. Lori limeziba njia nzima. Dereva akashuka, akasimama mlangoni, macho mekundu.

"Nimepita tu," akasema. "Nina saa tatu za kupumzika kwa lazima."

Nikamkaribisha. Nikamwekea chai, hakuinywa. Aliangalia kompyuta, kiti, hedifoni iliyoning'inia kwenye msumari. Akauliza, "Ni hapa?" Nikasema ni hapa. Akakikalia kile kiti, akaweka mikono mezani pale ninapoweka mimi, akakaa hivyo. Baadaye nikaona kichwa kinamshuka taratibu, akalalia mikono yake, akalala.

Nilifunga dirisha kwa sababu ya kelele za watoto. Nikavuta ndoo, nikakaa juu yake karibu na mlango. Jirani alikuja kuazima pasi, nikamfukuza kwa vidole. Nguo zilibaki kwenye maji. Saa tatu nzima, Dada, sikushika simu, sikuegemea ukuta, nilimwangalia mgongo ukipanda na kushuka.

Aliamka mwenyewe. Akapangusa uso kwa kiganja, akaniona nilipo.

"Hukulala?"

"Sikulala."

Akaniangalia kidogo. Kisha akavaa viatu, akatoka, akaliwasha lori.

Kitinda wako